Harufu Iliyokaa Hadi Kesho Yake

Nauza pafyumu za kupima Chang'ombe, hapa Dodoma, kwenye kibanda ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Mteja anakuja na kichupa chake, namjazia. Tuko wengi mjini tunaofanya kazi hii, na wengi wetu, watakaonuna wanune, hawajui wanachouza. Wanasoma jina kwenye karatasi na kulirudia kama walivyolisoma. Mimi nanusa. Tangu mdogo nilikuwa nikiingia jikoni namwambia mama maziwa yanaanza kuchacha, naye hata sufuria hajaifunua. Ndugu zangu walinitania kwamba siku ya kuzaliwa ilitangulia pua, mimi nikafuata baadaye. Utani huo niliupenda. Nilikuwa na maringo, na sitayaficha hapa, kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha tulipofika.

Nilikuwa naishi na baba, mtaa wa tatu nyuma ya kibanda. Mama alishafariki, ndoa yangu ilishavunjika, tukabaki wawili. Baba ni Mgogo wa upande wa Mpwapwa, fundi mwashi, amejenga nyumba za watu hapa mjini mpaka magoti yakamkatalia. Ana kisukari. Mwaka uliotangulia kisa hiki kilimla kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, hospitali wakakikata. Mwaka huo ninaousimulia, mwezi wa kumi, msumari wa katambuga, zile ndala za tairi, ulichomoza kwa ndani, naye akatembea nao kutwa nzima bila kuusikia, maana nyayo zake zilishakufa ganzi. Jioni alipovua, kisigino cha mguu uleule kilikuwa wazi.

Nesi wa zahanati, mama mtu mzima asiye na mzaha, akatupangia kwenda kufunga kidonda kila baada ya siku moja. Siku ya kwanza alinivuta pembeni.

"Mguu huu bado ni wa kuokoa," akaniambia. "Usiguswe na maji. Na ukisikia unaanza kunuka, usingoje kesho. Mlete saa hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Tukichelewa unakwenda wote, na mzee wako hana nguvu ya kuhimili hilo."

Nikamwambia asiwe na shaka. "Kwa kunusa umefika penyewe, nesi," nilisema, tena nikicheka. Sentensi hiyo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

Basi ikawa kazi yangu. Asubuhi na jioni nainama juu ya mguu wa baba, navuta pumzi. Nilikuwa nasubiri uvundo. Nilikuwa nasubiri harufu ya panya aliyekufa darini, harufu ambayo hata mtu asiye na pua angeikimbia. Kila siku nilikuta dawa ya kusafishia, pamba, jasho la mzee, basi. Nikawa nashukuru Mungu naenda zangu kazini.

Jumatatu tulikwenda zahanati, nesi akafunga, akasema panaendelea vizuri. Jumanne asubuhi ukafika mzigo wangu kutoka Dar, na ndani yake chupa moja ya kujaribia. Pafyumu ya kiume, ya ndimu na chungwa, na kwenye karatasi yake wameandika ni ya msimu wa kiangazi. Nilicheka peke yangu. Kiangazi gani? Waliotengeneza kitu kile wana kiangazi cha miezi michache, wanakwenda ufukweni, wanarudi. Sisi mwezi wa kumi jua limetupiga tangu wa tano, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, na mawingu ukiyaona unadhani yamepotea njia. Nikasema hapa ndipo itajulikana kama ni mtu au jina tu.

Ilikuja wakati mzuri. Kulikuwa na kamati ya harusi iliyokuwa inanisumbua wiki nzima. Walitaka wanaume wote wa upande wa bwana harusi wanukie pafyumu moja, kuanzia bwana harusi na msimamizi wake mpaka wajomba, na wamekataa kila nilichowapa. Hii nzito. Hii ya kike. Hii ananukia bosi wetu. Walitaka kitu freshi, kitu chepesi, lakini kidumu kuanzia kanisani hadi ukumbini. Jamani! Anayejua pafyumu anajua hapo wameomba samaki asiye na miiba. Pafyumu za jamii ya ndimu zinaingia kwa shangwe, zinasalimia kila mtu, ukigeuka hazipo. Na kwa hewa yetu hii kavu zinakauka kama mate juani. Kwa hiyo nilijua kichwa chake, yaani harufu ya mwanzo, kitakuwa kizuri. Nilichotaka kujua ni mkia. Mkia ndilo jina langu mimi la ile harufu inayobaki mwishoni, wakati mbwembwe zote zimeisha.

Sijipimii mwenyewe. Ngozi yangu imeshashiba, kutwa nzima namiminikiwa na hiki na kile. Za kiume nilikuwa nampulizia baba. Alikuwa anakaa nje, kwenye kiti cha kamba chini ya ukuta, anapigwa na joto na upepo, na nilikuwa napita kumnusa kila nikipata nafasi. Watu wa mtaani walishazoea kuniona nimemwinamia.

"Shikamoo baba. Leo nina ya kiume."

"Marahaba mama. Lete, huenda nikaoa."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Kwa kawaida nilikuwa nampulizia mkononi. Lakini mikono ananawa kabla ya kula na baada ya kula, na mlenda hauishi vidoleni kwa kunawa mara moja. Shingo anaifuta kwa taulo kila dakika. Nikitaka kuujua mkia kwa haki nahitaji sehemu isiyoguswa na maji. Na nyumba nzima ile, mwilini mwa mtu yule, sehemu ilikuwa moja tu. Mguu wa bandeji. Hauogeshwi, haufutwi, umelazwa juu ya kigoda kutwa nzima. Nikampandisha suruali nikapuliza ugokoni, shubiri moja juu ya bandeji. Nilijiona nina akili kweli kweli.

Kichwa kilikuwa kitamu. Ganda la chungwa linapochunwa, lile linalokurukia jichoni. Nyuma yake ndimu, na kitu cha kijani kama jani ulilolisugua kidoleni. Hakuna sukari. Baba akavuta pumzi akasema, "Hii ya kijana." Nikaandika kwenye daftari langu: safi, haigombi na jasho, inampa mtu umri mdogo. Nikaenda kibandani, wateja wakanibana, sikurudi mpaka jua linazama.

Nilipoinama jioni, ndimu ilikuwa imekwenda, kama nilivyotegemea. Lakini kulikuwa na kitu. Chepesi, kitamu, cha mbali. Nikafumba macho nikakitafutia jina. Zabibu. Si zabibu mbichi. Zabibu zilizokaa kwenye kreti siku mbili za joto, zile za barabarani msimu wa mavuno, zimeanza kulegea na nyuki wamezijua. Moyo ukaruka. Nilidhani, kumbe wameificha huku nyuma! Wameanza na machungwa wakamalizia na zabibu, na zabibu ndiyo sisi watu wa Dodoma.

Jumatano asubuhi ilikuwa bado ipo. Imezidi, tena.

"Baba, hii ndiyo yenyewe!" nilimwambia. Nilipiga makofi, haki ya Mungu, mwanamke mzima. "Siku nzima na usiku mzima! Ndimu gani inafanya hivi?"

Baba aliniangalia. Alikuwa amechoka, macho mekundu, nikasema ni joto. Akauliza, "Inanukia vizuri?"

"Vizuri? Baba, hii nitaiuza mpaka Chamwino."

Akatikisa kichwa kukubali.

Jumatano hiyo ilikuwa siku ya kwenda kufunga kidonda. Sikumpeleka. Niliwahi kuwaona watu wa kamati kabla hawajabadilisha mawazo, na wao walikuwa na kikao chao saa nne, na saa nne ndiyo saa ya nesi. Nikamwambia baba tutakwenda Alhamisi. Akasema haina neno. Kwenye kikao nilimwaga sifa mpaka nikakauka koo. Nikawapulizia wote, chumba kikajaa machungwa, na msimamizi wa bwana harusi, kijana mmoja mrefu mwenye kelele, akauliza itakaa? Nikamjibu kwa kiburi kabisa. Nimeijaribu kwenye ngozi ya mtu, saa ishirini na nne, na mwishoni inageuka zabibu. Wakaagiza.

Alhamisi nilikuwa natafuta chupa za kuwajazia. Hatukwenda zahanati. Nilimpulizia baba tena, palepale, nikitaka kuona kama itarudia. Ikarudia. Safari hii zabibu ilikuja mapema, saa sita tayari ipo, nzito zaidi, na chini yake kitu kama udongo uliomwagiwa maji. Nikaandika: mkia unakomaa. Yaani niliandika hivyo, kwa mkono wangu, neno hilo. Daftari ninalo.

Baba hakula mchana ule. Ugali wake niliukuta umefunikwa, nzi wamezunguka sahani, wengine wamezunguka kigoda. Nikawafukuza kwa kanga. Alikuwa anatetemeka kidogo, kwenye joto lile, na amejifunika koti. Nikamgusa paji la uso, la moto. Nikampa dawa ya homa na maji, nikamwambia Ijumaa lazima twende. Ijumaa kamati wakaja kuchukua mzigo wao tangu asubuhi, wakakaa, wakapiga soga, wakataka kupimiwa na za wake zao. Jioni baba alikuwa amelala. Sikumwamsha. Niliinama nikanusa, nikasema afadhali hakunuki, nikaondoka.

Nawaambia kweli yote. Nilisimama juu ya mguu unaooza, na kazi yangu ni kunusa, nikasema hakunuki.

Jumamosi saa tano, yule msimamizi akaja kibandani na chupa mkononi. Harusi ilikuwa wiki inayofuata, lakini yeye alishajipulizia kwenda nayo matembezini Ijumaa jioni.

"Dada, hii pafyumu yako inakata," akasema.

"Inakataje?"

"Inakata. Lisaa, lisaa na nusu, huisikii tena. Nimemuuliza na bwana harusi, naye hivyo hivyo. Wewe si ulisema siku nzima?"

Weee, nilimpandia. Nilimwambia kaipuliza kwenye nguo. Akasema hapana, kwenye ngozi. Nilimwambia kaoga. Akasema hakuoga. Nilimwambia pua yake ina mafua ya vumbi, akapime.

"Dada, acha maneno. Nimejipulizia leo saa tatu, hapa." Akaninyooshea mkono, chini ya kiwiko. "Nusa mwenyewe."

Nikainama kwa hasira nikanusa. Hakukuwa na kitu. Jasho la kijana, sabuni, basi. Nikanusa tena. Nikamgeuza mkono, nikanusa upande wa pili. Sikuikuta zabibu hata ya kusingizia.

"Labda ngozi yako," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

"Na ya bwana harusi? Na ya mjomba? Dada, sote hatuna ngozi?"

Nikabaki nimemshika mkono. Naweza kuwaambia kila kilichokuwa kwenye rafu ile, kwa mpangilio, kwa sababu niliviangalia vyote kimoja baada ya kingine ili nisifikiri. Kama mkia wa pafyumu ile haupo, basi nilichokuwa nanusa siku nne ni nini? Yule kijana aliniuliza, "Dada, vipi, unaumwa?" Nilimwacha kibandani na milango wazi. Nilikimbia mitaa mitatu na ndala moja, nyingine sijui iliangukia wapi.

Baba alikuwa ndani, kitandani. Mlango ulikuwa umefungwa kuzuia vumbi, na nilipoufungua harufu ikanijia yote kwa pamoja, bila ndimu, bila upepo wa kuichanganya. Ilikuwa ileile. Ilikuwa zabibu zilezile nilizozipigia makofi. Niliifungua bandeji kwa mikono yangu. Chini yake palikuwa pa kijani, na juu ya kifundo ngozi imeiva, imekuwa nyeusi kwa mstari unaopanda. Sitaeleza zaidi.

Bajaji ikatufikisha hospitali. Walimpokea haraka, sukari imepanda mpaka mashine ilishindwa kuisoma. Daktari alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniua. Aliniuliza kidonda kimefungwa lini mara ya mwisho. Nikasema Jumatatu. Akaandika. Akauliza nani anamwangalia nyumbani. Nikasema mimi.

"Kuna bakteria mmoja wa vidonda," akasema, "ana harufu ya ajabu. Wengi hawaishtukii kwa sababu hainuki vibaya. Ni tamutamu, kama zabibu. Tukiisikia mapema tunaweza kufanya kitu. Ninyi hamkuisikia?"

Nikasema hapana.

Ni uongo nilioutoa bila hata kufikiri, na nesi aliyekuwa amesimama pale hakuwa yule wetu, kwa hiyo hakukuwa na wa kuniumbua. Daktari akatikisa kichwa, akaniambia nisijilaumu, watu wengi hawana pua ya vitu hivyo. Akanipa karatasi ya kutia sahihi. Jioni ile mguu wa baba ulikatwa juu ya goti.

Siku ya kwanza hakujitambua. Siku ya pili alijitambua akawa anaomba kukunwa unyayo ambao haupo. Nilikuwa nakuna shuka, palepale ungekuwepo, naye anasema hapo, hapo, ahsante. Nililia mpaka mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa anamuuguza mumewe, akanipa kanga yake nijifutie. Aliniuliza nini kilimpata mzee. Nikasema kisukari. Watu wote niliwajibu hivyo, na wote walisema ahaa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya tano sikuweza tena. Alikuwa amekaa, ameegemezwa mito miwili, amekunywa uji nusu kikombe. Shuka lilikuwa limelala bapa upande wa kushoto. Kazi ya ufundi ilikuwa imeisha siku nyingi, lakini kabla ya kidonda kile, kila asubuhi alikuwa bado anatoka kwenda kuangalia vijana wanavyojenga, anawasahihisha, wanamwita mzee wa timazi, kwa jicho lake la kuona ukuta uliopinda. Hilo nalo nilikuwa nimelimaliza. Nikasogeza stuli.

"Baba, nina neno."

"Sema, mama."

Nikamwambia. Nilimwambia haraka, bila kumwangalia, kama mtoto anayekiri kuvunja sahani. Kwamba harufu ya mguu niliisikia tangu Jumanne. Kwamba nilidhani ni pafyumu. Kwamba niliipenda, nikaiandika, nikawauzia watu kwa maneno ya harufu ile. Kwamba daktari aliniuliza nikakana.

Kule mwisho wa wodi mtu alikuwa anaomba maji.

"Mimi pia niliisikia," akasema.

Nikainua uso.

"Jumanne ile ile, mchana, wewe uko kazini. Upepo ulitulia kidogo nikaisikia inatoka chini. Nikajua ni mguu, maana na kile kidole kilianza vile vile. Nikasema akirudi nitamwambia anipeleke."

"Sasa baba, mbona hukuniambia?"

Alikuwa anaongea polepole, bila lawama hata kidogo, na ndiyo maana hadi leo siwezi kuifungua ile chupa. Alinishika mkono, akawa ananipigapiga mgongo wa kiganja kama ananibembeleza mimi.

"Nilitaka," akasema. "Ulipoinama kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ukasema inanukia vizuri. Nikasema basi, nimekuwa mzee, sijui tena hata harufu. Huyu ndiye anayejua."